Hori ya Mida na mgeni wake kutoka Ghuba

Kuanzia mwezi wa Agosti kila mwaka, ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo mizito huwasili katika hori ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Wanatoka pwani na visiwa vya Bara Arabu na Pembe ya Afrika, wanakozalia. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Sisi tumwite mla kaa, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Katika ukoo wake wa kisayansi hakuna ndege mwingine ila yeye.

Mla kaa huchimba shimo mchangani, pengine refu kupita mita moja, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kisiwa cha Shaghaf, karibu na Masirah nchini Oman, ni miongoni mwa makazi hayo. Wasomaji wetu walioko Muscat wafahamu kwamba paa la shimo ni mchanga mtupu: mguu mmoja wa binadamu waweza kulibomoa. Picha za kiota, kwa maoni yangu, tuwaachie watafiti wenye kibali.

Kinachomtofautisha na vitwitwi wengi wa pwani ni malezi. Kinda huruka pamoja na wazazi wake hadi Afrika Mashariki, na huko huendelea kulishwa kwa muda mrefu. Hapo Mida utamwona kijana mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mkubwa topeni, akidai kaa. Majahazi ya zamani yalilazimika kungoja kaskazi ili yashuke kutoka Oman. Familia hizi hazingoji.

Kwa mtu anayekwenda matembezi ya mwisho wa juma, jambo la kwanza si kamera bali maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope na kuonekana kama nukta. Yanapojaa husogezwa karibu na mikoko, na hapo ndipo pa kuwangojea. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani hiyo kwa kawaida hujaa alfajiri na alasiri. Anayefika saa nne asubuhi atakuta yamekupwa. Siku za maji mafu hujaa karibu na adhuhuri. Mvuvi yeyote wa Watamu atakueleza haya bila jedwali.

Mida ina daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, na mwishoni mwake kibanda cha kujifichia. Ada inayotozwa huko ina kazi maalumu: mpango uitwao ASSETS huitumia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na hori hiyo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hivyo mikoko isiyokatwa ina faida ambayo mzazi anaweza kuihesabu.

Ukiwa na lenzi ya milimita 400 utapata picha ya kuridhisha. Asiye nayo aweza kuweka simu kwenye jicho la darubini. Mla kaa mweupe juu ya tope jeusi huidanganya kamera, na manyoya yake hutoka kama chokaa. Punguza mwangaza kidogo. Kwa ndege anayeruka, kasi ya 1/1000 ya sekunde hutosha mara nyingi. Elekeza shabaha kwenye jicho.

Kisha, usiwafukuze. Wapo wapiga picha wanaopenda kundi zima liruke kwa pamoja, na picha hiyo hakika hupendeza. Lakini saa za kula zimepangwa na maji, si na ndege, na kila kundi linaporushwa kijana hukosa kaa wake. Ikifika Machi na Aprili hasara huwa kubwa zaidi: hapo wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, umeshakaribia mno; simama, au urudi nyuma hatua chache.

Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi, hata ikiwa na ukungu. Tazama miguu: baadhi ya ndege wa pwani huvishwa pete za rangi, na picha iliyokuzwa huweza kuonyesha maandishi ambayo jicho halikuyaona. Taarifa hizo hupokelewa katika eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002, na katika ramani ya ndege wa Kenya. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na wenye kujua kutofautisha vitwitwi hawatoshi kamwe. Kwa walio Nairobi, shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake ni chama kilichoundwa mwaka 1909, huendesha matembezi ya kutazama ndege ambamo mgeni hufundishwa bila kuulizwa anajua nini.