Mumiani na Hofu ya Kunyonywa Damu

Migato, iliyoko katika mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, ni sehemu ya Usukuma iliyo jirani na Maswa, ambako mwaka 1922 ulizuka malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na ambao kuutambua kulihitaji tone la damu lipakwe kwenye kioo na kuchunguzwa kwa hadubini. Enzi hiyohiyo ya ukoloni, watu walipokuwa wakitolewa damu hivyo, kutoka Mombasa hadi Kampala, zilivuma habari za mumiani, yaani wanyonyaji damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikataa kuziita upuuzi, na alikuwa sahihi. Katika habari hizo, mumiani alikuwa mtu hai, mwenye mshahara, sare na gari, na ndiyo maana wazimamoto walishukiwa kuliko wengine.