Lenzi za Uvutano: Namna Uvutano Unavyopinda Mwanga na Kuwawezesha Wanaastronomia Kuona Mbali

Uwezo wa darubini una kikomo. Hata iwe na kioo kikubwa kiasi gani, vipo vitu angani ambavyo mwanga wake hufifia mno kabla ya kuifikia Dunia. Katika kuvuka kikomo hicho, wanaastronomia hutumia msaada unaotokana na maumbile yenyewe. Uvutano wa nyota, galaksi na makundi ya galaksi hupinda mwanga unaopita kando yake, na kwa kufanya hivyo hukuza taswira ya kitu kilichoko mbali zaidi nyuma yake. Jambo hilo huitwa lenzi ya uvutano.

Makala haya yanaeleza msingi wa jambo hilo, namna lilivyothibitishwa kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Afrika mwaka 1919, matumizi yake katika uchunguzi wa ulimwengu, pamoja na tahadhari inayowahusu wananchi wakati wa kupatwa kwa jua.

Msingi wa kisayansi

Katika nadharia ya Isaac Newton, uvutano ni nguvu inayovuta kitu kimoja kuelekea kingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Ujerumani Johann von Soldner alikokotoa kwamba, iwapo mwanga ni chembechembe, basi mwanga wa nyota unaopita kando ya jua utapinda kidogo.

Mnamo Novemba 1915, Albert Einstein aliwasilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, iliyotoa maelezo tofauti. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kitu kizito hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na mwanga hufuata njia iliyopo katika nafasi hiyo iliyopinda. Mfano unaotumika mara nyingi ni wa shuka iliyovutwa pande zote ikakazwa, kisha likawekwa jiwe zito katikati. Shuka hubonyea, na gololi inayoviringishwa kando ya jiwe hubadili mwelekeo ingawa hakuna kamba inayoivuta.

Tofauti kati ya nadharia hizo mbili ilikuwa ya kupimika. Kwa hesabu ya Einstein, mwanga wa nyota unaopita kwenye ukingo wa jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe, takriban mara mbili ya kiasi kinachopatikana kwa kanuni za Newton. Sekunde moja ya pembe ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii. Kiasi cha sekunde 1.75 ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ikitazamwa kutoka umbali wa karibu kilomita 3.

Jaribio la mwaka 1919

Nyota zinazoonekana karibu na jua haziwezi kupigwa picha mchana isipokuwa jua linapopatwa kikamilifu. Fursa hiyo ilipatikana tarehe 29 Mei, 1919. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika Kusini, kikavuka Bahari ya Atlantiki na kukatiza bara la Afrika hadi eneo la Ziwa Tanganyika, ambako jua lilikuwa limeshuka upande wa magharibi. Zaidi ya hayo, siku hiyo jua lilikuwa mbele ya kundi la nyota angavu liitwalo Hyades, hivyo nyota za kupima zilikuwa za kutosha.

Frank Dyson, Mwanaastronomia Mkuu wa Kifalme wa Uingereza, aliratibu misafara miwili. Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikwenda kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya São Tomé na Príncipe. Andrew Crommelin na Charles Davidson walikwenda mji wa Sobral nchini Brazili. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekoma miezi michache tu kabla, na wanasayansi wa Uingereza walikuwa wakijiandaa kupima nadharia iliyotungwa Berlin, mji mkuu wa nchi waliyokuwa wakipigana nayo.

Huko Príncipe mvua kubwa ilinyesha asubuhi, na mawingu yalikuwa bado hayajatawanyika jua lilipoanza kupatwa. Kupatwa kikamilifu kulidumu kwa takriban dakika tano. Kati ya picha 16 alizopiga Eddington, ni mbili tu zilizoonyesha nyota za kutosha kwa vipimo. Huko Sobral hali ya hewa ilikuwa nzuri, lakini moja ya darubini mbili ilipoteza ulengaji kutokana na joto na picha zake zikawa na ukungu.

Picha hizo zililinganishwa na nyingine za nyota zilezile zilizopigwa usiku, wakati jua likiwa sehemu nyingine ya anga. Vipimo vya Príncipe vilitoa sekunde 1.61 na vya darubini ndogo ya Sobral vikatoa 1.98. Darubini iliyopoteza ulengaji ilitoa 0.93, kiasi kinachokaribia hesabu ya Newton, lakini watafiti hawakukipa uzito kutokana na ubovu wa picha. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba, 1919, na Einstein akawa mtu mashuhuri duniani kwa muda mfupi.

Uamuzi wa kutozipa uzito picha za darubini moja umejadiliwa na wanahistoria wa sayansi kwa miaka mingi. Hata hivyo, suala lenyewe halikubaki kutegemea jaribio moja. Kupatwa kwa jua kwa mwaka 1922 kulikochunguzwa Australia kulitoa jibu lilelile, na baadaye vipimo vya mawimbi ya redio, ambavyo havihitaji jua kupatwa, vilithibitisha hesabu ya Einstein kwa usahihi mkubwa zaidi.

Kutoka wazo hadi ugunduzi

Mwaka 1936 Einstein alichapisha maelezo mafupi yaliyoonyesha kwamba, nyota moja ikiwa mbele ya nyingine katika mstari mmoja na mtazamaji, mwanga wa nyota ya nyuma utaonekana kama pete. Yeye mwenyewe hakutarajia kuwa jambo hilo lingeonekana, kwa kuwa nyota kukaa sawia kiasi hicho ni nadra. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky, mwanaastronomia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza kuwa galaksi nzima, ambayo ina uzito wa mabilioni ya nyota, ingefaa zaidi kuwa lenzi.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1979. Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walibaini kuwa vitu viwili vinavyong'aa, vilivyotenganishwa na takriban sekunde sita tu za pembe, vilikuwa na mwanga unaofanana kabisa. Vilikuwa taswira mbili za kwasa moja, yaani kiini chenye mwanga mkali sana cha galaksi ya mbali. Galaksi iliyo katikati ya njia ilikuwa imeugawa mwanga huo. Kwa kuwa njia hizo mbili hazilingani kwa urefu, badiliko lolote la mwanga katika taswira ya kwanza huonekana katika ya pili baada ya siku zipatazo 417.

Aina za lenzi za uvutano

Lenzi ya uvutano hutofautiana na lenzi ya miwani. Lenzi ya miwani hupinda mwanga zaidi kwenye kingo na kuukusanya mahali pamoja, ilhali lenzi ya uvutano hupinda mwanga zaidi karibu na kiini chake na haina kitovu kimoja. Ndiyo maana taswira zake hurefuka, hujikunja kama upinde au hurudiwa, mfano wa maandishi ya gazeti yakitazamwa kupitia kitako cha bilauri ya kioo.

Wataalamu huzigawa lenzi hizo katika aina tatu. Lenzi kali hutokana na galaksi au makundi ya galaksi na hutoa taswira nyingi, matao au pete kamili, inayojulikana kama pete ya Einstein. Lenzi hafifu hubadilisha umbo la galaksi za nyuma kwa kiasi kidogo sana ambacho hugunduliwa tu kwa kupima maelfu ya galaksi kwa pamoja. Lenzi ndogo hutokea nyota moja inapopita mbele ya nyingine na kuongeza mwangaza wake kwa siku au wiki kadhaa. Sayari inayoizunguka nyota ya mbele huongeza badiliko fupi katika mwangaza huo, na kwa njia hiyo sayari nyingi zilizo nje ya mfumo wa jua zimegunduliwa.

Pete ya Einstein isichanganywe na pete inayoonekana wakati wa kupatwa kwa jua kipete, kama ilivyotokea tarehe 1 Septemba, 2016 na kushuhudiwa Rujewa mkoani Mbeya. Pete hiyo ni ukingo wa jua lenyewe uliobaki baada ya mwezi kufunika katikati yake.

Mafanikio yaliyopatikana

Faida ya kwanza ya lenzi hizi ni kuona mbali. Mwezi Machi 2022 ilitangazwa kuwa darubini ya Hubble imeona kitu kilichopewa jina Earendel, ambacho mwanga wake umesafiri kwa miaka bilioni 12.9. Bila kundi la galaksi lililoukuza mwanga huo maelfu ya mara, kisingeonekana kamwe. Uchunguzi uliofuata umeacha wazi swali iwapo ni nyota moja, nyota mbili au kundi dogo la nyota. Julai mwaka huohuo, picha ya kwanza ya rangi iliyotolewa kutoka darubini ya James Webb ilionyesha kundi la galaksi SMACS 0723 likiwa limezungukwa na matao ya galaksi za nyuma yake. Aidha, Februari 2025 ilitangazwa kuwa darubini ya Ulaya iitwayo Euclid imeona pete kamili kuzunguka galaksi NGC 6505, ambayo ilikuwa imefahamika tangu mwaka 1884 bila mtu yeyote kuitambua pete hiyo.

Faida ya pili ni kupima kisichoonekana. Kiasi cha kupinda kwa mwanga hutegemea uzito wote wa lenzi, unaong'aa na usiong'aa. Vipimo vinaonyesha kwamba nyota na gesi ni sehemu ndogo tu ya uzito wa makundi ya galaksi. Sehemu iliyobaki huitwa maada ya giza, na asili yake bado haijajulikana.

Faida ya tatu ni kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1964 Sjur Refsdal wa Norway alipendekeza kutumia tofauti ya muda kati ya taswira za nyota moja inayolipuka. Novemba 2014 Hubble ilionyesha taswira nne za mlipuko wa aina hiyo, ambao ukapewa jina lake. Wanasayansi walikokotoa kuwa taswira nyingine ingetokea sehemu tofauti ya kundi hilohilo la galaksi katika muda wa takriban mwaka mmoja. Tarehe 11 Desemba, 2015 ilionekana mahali palipotabiriwa.

Kipimo hicho kina uzito katika mjadala ambao haujafikia mwisho. Vipimo vinavyotokana na mwanga wa mwanzo wa ulimwengu hutoa kasi ya takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, wakati vile vya galaksi za karibu hutoa takriban 73. Lenzi zenyewe zimetoa majibu ya pande zote mbili: mlipuko wa Refsdal uliangukia karibu na kiwango cha chini, na kwasa sita zilizochapishwa awali ziliangukia karibu na kile cha juu. Iwapo tofauti hiyo itathibitika, maelezo ya sasa kuhusu historia ya ulimwengu yatahitaji kurekebishwa.

Nafasi ya Afrika na tahadhari kwa wananchi

Bara la Afrika linaendelea kushiriki katika uchunguzi huu. Kituo cha Sutherland nchini Afrika Kusini ni kimoja kati ya vituo vitatu vya mtandao wa darubini, pamoja na Chile na Australia, unaofuatilia lenzi ndogo saa zote za usiku. Katika eneo la Karoo, nchini humohumo, inajengwa darubini ya redio ya SKA itakayokuwa na madishi 197, yakiwemo 64 ya darubini ya MeerKAT. Kenya ni miongoni mwa nchi nane washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo barani Afrika.

Kupatwa kikamilifu kwa jua kunatarajiwa tarehe 2 Agosti, 2027, katika ukanda utakaopita Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor nchini Misri, giza litadumu kwa zaidi ya dakika sita. Nchini Kenya na Oman jua litapatwa kwa sehemu tu. Kwa sababu hiyo, watazamaji wa maeneo hayo hawatakuwa na wakati wowote ulio salama wa kulitazama jua kwa macho matupu.

Wananchi wanakumbushwa kutumia miwani maalumu iliyokidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, na kuepuka miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi. Njia nyingine salama ni kupitisha mwanga wa jua katika tundu dogo la karatasi na kutazama taswira yake chini, mgongo ukiwa umeelekezwa kwenye jua. Watoto wasimamiwe muda wote, kwani madhara ya mionzi kwenye jicho hutokea bila maumivu na yanaweza kuwa ya kudumu.