Fahamu: Polima, Mifuko ya Plastiki na Somo la Kemia katika Shule za Sekondari Katavi

Polima ni dutu ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, viitwavyo monoma. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann Staudinger, alieleza wazo hilo mwaka 1920 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1953. Nchini Tanzania, mada hii hufundishwa katika somo la Kemia, Kidato cha Tano na Sita, kwa wanafunzi wa tahasusi za PCM, PCB na CBG.

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa, una mifano mingi ya kufundishia mada hii. Mbao za misitu ya miombo zina selulosi na lignini, ambazo ni polima za asili. Wanga wa muhogo ni polima vilevile. Nyavu za nailoni zinazotumiwa na wavuvi wa Karema na Ikola, katika Ziwa Tanganyika, na ndoo za plastiki za kuhifadhia asali ni polima zilizotengenezwa viwandani. Nta ya nyuki, ingawa hufinyangwa kwa urahisi kama plastiki, si polima, kwa kuwa molekuli zake ni fupi. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo ameielewa mada, hakuikariri.

Majaribio yasiyohitaji maabara kubwa

Jaribio la kwanza ni la kuelea na kuzama. Mwalimu hukata kipande cha chupa ya maji ya kunywa na kipande cha kifuniko chake, kisha huvitumbukiza katika maji. Kipande cha chupa, ambacho ni aina ya plastiki yenye alama namba 1, huzama kwa kuwa densiti yake ni takriban gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo. Kifuniko, ambacho kwa kawaida ni cha namba 2 au 5, huelea kwa kuwa densiti yake ni chini ya gramu 1. Viwanda vya kurejeleza taka hutumia kanuni hiyohiyo kutenganisha plastiki.

Jaribio la pili ni kutengeneza utando wa wanga. Gramu 10 za wanga wa muhogo huchanganywa na mililita 60 za maji, mililita 5 za siki na mililita 5 za gliserini. Mchanganyiko hupashwa moto taratibu huku ukikorogwa hadi uwe mzito, kisha hutandazwa na kuachwa ukauke. Utando usiotiwa gliserini hukauka na kupasuka. Ule uliotiwa hunyumbulika, kwa sababu gliserini hukaa katikati ya minyororo na kuiwezesha kuteleza.

Walimu wanapaswa kuepuka majaribio ya kuchoma plastiki darasani. Plastiki namba 3, itumikayo katika mabomba mengi ya maji, ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayounguza macho na njia ya hewa.

Uhusiano na katazo la mifuko ya plastiki

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni, 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wanafunzi wengi huuliza kwa nini mifuko mbadala inaruhusiwa, ilhali mingi imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Jibu lipo katika matumizi. Mfuko mwembamba hutumika mara moja na kutupwa, na minyororo yake hudumu miaka mingi bila kuoza. Mfuko mbadala unatakiwa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili uweze kutumika mara nyingi. Hivyo, mfuko mbadala unaotupwa baada ya matumizi ya mara moja haujatimiza lengo la katazo.

Wazazi na walezi mkoani Katavi wanaweza kusaidia kwa kukusanya chupa, vifuniko na vipande vya mabomba vilivyo safi na kuvipeleka shuleni. Kilichokuwa taka nyumbani kitakuwa kifaa cha kujifunzia darasani.