Mtoto ndani ya gari lililoegeshwa: kinachoua ni joto

Watu wengi makambini hawana gari, kwa hiyo onyo la kutomwacha mtoto garini huonekana kama jambo la matajiri wa mjini. Lakini magari tunayo kila siku: malori ya mgao, teksi zinazosubiri abiria sokoni, pikapu za mashirika, na yale mabovu yaliyokaa juu ya mawe nyuma ya gereji kwa miaka. Na familia zinazosubiri kuhamia nchi ya tatu, Marekani kwa mfano, mara nyingi hulazimika kununua gari huko kwa sababu kazi iko mbali na nyumba.

Si kukosa hewa

Wengi huamini kwamba mtoto aliyefungiwa garini hufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana mzazi hushusha kioo vidole viwili, kisha akaondoka moyo ukiwa umetulia. Kinachoua ni joto. Mwanga wa jua hupita kwenye vioo na kupasha moto viti, dashibodi na usukani. Vitu hivyo navyo hupasha hewa iliyofungiwa ndani, na joto hilo halina pa kutokea.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani. Siku ambayo nje kulikuwa na nyuzi joto 22 tu, ndani ya gari joto lilifika nyuzi 47 baada ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo anayeishi Nakivale au Nyarugusu asijifariji kwamba jua kali ni la Kakuma. Kakuma, ambako mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, gari huwa tanuri upesi zaidi, lakini nyuzi 22 zinatosha, na hizo ni hali ya hewa ambayo wengi wetu huvaa sweta. Kivuli nacho si ulinzi: jua husogea, na gari hubaki pale pale.

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likifika nyuzi 40, mwili hushindwa kujipoza, na ubongo, figo na moyo huanza kuharibika. Hiki ndicho kiharusi cha joto. Mtoto mchanga hawezi kufungua mkanda wala mlango, na vioo vikifungwa kilio chake hakifiki mbali.

Hutokeaje?

Marekani, ambako vifo hivi vimehesabiwa tangu 1998, watoto wapatao 37 hufa hivyo kila mwaka kwa wastani. Takriban nusu walisahauliwa, kama robo waliingia garini wenyewe, na wengi wa waliobaki waliachwa na mtu aliyejua wamo, akidhani atarudi mara moja.

Waliosahau ndio husemwa vibaya kuliko wote, na si haki. Mara nyingi ni baba aliyetoka zamu ya usiku, siku ambayo si zamu yake kumpeleka mtoto kwa mlezi. Mtoto amesinzia kiti cha nyuma, kimya, na baba akafuata njia yake ya kila siku. Anayekwenda kuishi huko azoee kuweka simu, kitambulisho cha kazi au hata kiatu kimoja kwenye kiti cha nyuma, ili asiweze kuondoka bila kutazama. Pia mlezi aombwe kupiga simu mtoto asipofika.

Makambini, walioingia wenyewe ndio wanaotuhusu zaidi. Gari bovu ni uwanja wa michezo. Mtoto huingia kujificha, mlango unajifunga, na kitasa cha ndani kilivunjika zamani au loki ya watoto imewashwa. Buti ni mbaya zaidi. Mwenye gereji afunge magari hayo au ang'oe milango. Dereva naye afunge hata anapoingia dukani kununua soda tu. Mtoto akipotea mchana, tazama kwanza kwenye maji, kisha ndani ya kila gari lililo karibu na kwenye buti, ndipo uulize majirani.

Kuhusu "dakika tano", kila aliyepanga foleni ya posho anajua dakika tano zake. Kuacha injini ikiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi si suluhisho pia: injini huzimika, na mtoto anaweza kugusa gia au breki ya mkono gari likaondoka.

Ukimwona mtoto amefungiwa

Ita watu, na mmoja amtafute dereva. Mtoto akiwa amelegea au haitikii, usisubiri: vunja kioo kilicho mbali naye. Wengine husita wakiogopa kuitwa wezi, hasa gari likiwa la mwenyeji au la shirika. Wawepo mashahidi wawili watatu, kisha vunja.

Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea. Weka vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja juu. Usimpe kinywaji akiwa amezimia au amesinzia, wala dawa ya homa, kwa sababu haishushi joto la aina hii. Piga 999 au 112 Kenya na Uganda, 112 Tanzania, 911 Marekani. Kama gari la wagonjwa ni mbali, mkimbize kituo cha afya huku mkiendelea kumpoza njiani.

Mhudumu wa afya aambiwe mara moja kwamba mtoto ametolewa garini, na alikaa humo muda gani. Mtoto mwenye mwili wa moto na degedege, huku kwetu, hupimwa malaria kwanza.