Nani alimuua Butterfly?

Leo ninaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, tulikuwa na kikundi cha teatri. Dada mmoja wa promosyo yetu alitupatia hadithi fupi aliyoiandika yeye: binti anaachwa na mwanaume mwenye franga, analia, anafunga mizigo, anarudi kwao na mtoto mgongoni. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kuigeuza iwe mchezo. Nikaona ule mwisho hauna nguvu, hautaliza watu. Basi nikamnywesha yule binti sumu. Siku ya mchezo watu walilia kweli, wakapiga makofi. Dada yule akanikuta nyuma ya pazia, akaniuliza neno moja tu: «Yaya, juu ya nini umemuua? Mie nilimuacha muzima.»

Sikuwa na jibu. Miaka ilipita, ndipo nikakuta kwamba swali lile lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja.

Wengi wetu tumesikia jina la Madama Butterfly, opera ya Giacomo Puccini, Mwitaliano. Askari wa majini wa Marekani, Pinkerton, anafika Nagasaki, Japani, anaoa binti wa miaka 15, Cho-Cho-San, kisha anapanda meli na kwenda. Binti anabaki na mimba na matumaini. Anangoja miaka mitatu. Mwanaume anarudi na bibi Mmarekani, wanataka mtoto. Binti anamtoa mtoto, anajiua. Ndivyo dunia nzima inavyoijua hadithi hii. Lakini mwanzoni haikuisha hivyo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1887, Pierre Loti, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alitoa kitabu Madame Chrysanthème. Yeye mwenyewe alikuwa amefika Nagasaki mwaka 1885 na kuishi huko na mwanamke wa ndoa ya muda, aina ya ndoa ambayo mgeni aliilipia, akiondoka inakwisha. Katika kitabu chake, siku ya kuagana, mwanamke hajiui hata kidogo. Anakutwa anagonga sarafu alizolipwa, moja moja, kuhakikisha si za uongo. Kwake ilikuwa kazi, na kazi imekwisha.

Kisha mwaka 1898, John Luther Long, avoka wa Philadelphia, akatoa hadithi fupi «Madame Butterfly» katika gazeti la Century. Long hakuwahi kukanyaga Japani. Dada yake ndiye aliyeishi Nagasaki na mume wake mmisionari, na ndiye aliyemletea habari za huko. Kwa Long, binti anajaribu kujiua, damu inatoka, lakini mtumishi wake anamleta mtoto, mtoto analia, na jeraha linafungwa. Kesho yake bibi Mmarekani anapokuja kuchukua mtoto, anakuta nyumba tupu. Mama amekwenda na mtoto wake. Angalia vizuri: mwisho ule ni karibu sawa na wa yule dada wa promosyo yetu!

Basi nani aliua? David Belasco, mtu wa teatri wa New York. Tarehe 5 Machi 1900 alionyesha mchezo wake wa sehemu moja, alioutoa katika hadithi ya Long. Belasco alijua kazi yake. Aliweka usiku mzima wa kungoja jukwaani: mama, mtoto na mtumishi dirishani, hakuna neno, taa tu zinabadilika kutoka jioni mpaka alfajiri, kwa dakika kama 14. Kisha akamleta Pinkerton mlangoni na kumfanya binti afe mbele yake. Watu walilia. Mchezo ukaenda London mwaka uleule, na Puccini, aliyekuwa huko kwa ajili ya opera yake Tosca, akauona. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana, lakini alichokiona kilimtosha. Akataka kuufanyia muziki.

Opera ilianza vibaya. Usiku wa 17 Februari 1904, La Scala ya Milano, watu walipiga kelele na kucheka, ikaondolewa palepale. Puccini akaitengeneza upya, akagawa sehemu ya pili iliyokuwa ndefu mno, na tarehe 28 Mei mwaka uleule ikapendwa kule Brescia. Tangu hapo haijashuka jukwaani. Na kwa sababu opera ina sauti kubwa kuliko gazeti, mwisho wa Belasco ukashinda. Nyumba tupu ya Long imesahaulika.

Mtasema: yaya, ni mchezo tu. Hapana. Ona mwendo wake: Mjapani anayehesabu franga zake, kisha anayetoroka na mtoto, kisha anayekufa na kumwachia mgeni mtoto. Kila hatua ilimnyang'anya uamuzi fulani, na kila hatua watazamaji walilia zaidi. Kifo chake kinamrahisishia kila mtu. Pinkerton anajuta dakika tano, mtoto anaenda zake Amerika, na hakuna mama wa kuuliza swali.

Kwetu Kongo mama waliuliza. Wakati wa mkoloni, Wazungu wengi waliishi na wanawake wetu waliowaita «ménagère», na watoto wao machotara serikali ilikuwa inawachukua na kuwatia katika misioni. Mama hawakufa jukwaani, walibaki wakingoja. Tarehe 2 Desemba 2024, korti ya rufani ya Bruxelles ilihukumu kwamba dola la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya binadamu kwa wanawake watano waliotolewa kwa mama zao hivyo, wakiwa wadogo. Hadithi zao zilifika kortini kwa sababu wenyewe walikuwa wazima, na walisema kwa kinywa chao.

Mwaka 1988, David Henry Hwang, Mmarekani wa ukoo wa Kichina, aliandika mchezo M. Butterfly na kuugeuza mwisho: anayejiua ni mwanaume Mzungu, aliyependa ndoto yake kuliko mtu. Kumbe mwisho unaweza kubadilishwa tena.

Mimi sisemi opera ichomwe. Muziki ule ni mzuri, nausikiliza. Ila nilimtafuta yule dada, nikamuomba msamaha. Alicheka, akasema hadithi bado anayo. Safari hii, kama tutaicheza, atashika kalamu yeye.

Na wewe unayesoma, hadithi ya mtu uliyoibeba mkononi, mwisho wake umeuandika wewe ao mwenyewe?