Mashine Haikosei

Baba alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2011. Kadi yake ya benki aliihifadhi ndani ya daftari la zamani la maandalio ya somo. Namba ya siri aliihifadhi kichwani, na alijivunia hilo, kwa sababu wenzake kadhaa walikuwa wameiandika nyuma ya kadi kwa kalamu. Mwezi wa tisa mwaka 2013 alikwenda benki pale Morogoro mjini akakuta shilingi 600,000 hazipo. Taarifa ya akaunti ilionyesha zimetolewa mara tatu, laki mbili mbili, usiku, kwenye ATM ya mji ambao hakuwa ameukanyaga tangu alipopeleka watoto UMITASHUMTA.

Mhudumu wa kaunta alikuwa binti mstaarabu. Alimpa shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, akageuza kioo cha kompyuta ili na yeye aone. "Mzee wangu, namba ya siri imeingizwa sahihi mara zote tatu. Na kadi unayo mkononi. Mashine haikosei." Kisha akapunguza sauti, akauliza kama nyumbani kuna vijana.

Tulikuwa vijana wanne. Kaka yangu mkubwa alishikilia kwamba Mzee ana nyumba ndogo na sasa imeanza kumgharimu. Mama hakusema lolote, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko maneno ya kaka. Mdogo wetu wa mwisho aliwahi kutumwa na kadi ile mara moja, Baba akiwa na malaria, na namba akaambiwa. Sasa akaacha kula pamoja nasi. Mimi nilikuwa mwaka wa pili pale Mlimani, nasoma historia. Waliponipigia simu nilisema kwa busara zote za mwanachuo: "Labda amesahau. Umri nao."

Nilikuwa nafundishwa kushuku kila chanzo: barua ya mkoloni, shajara ya mmisionari, hata kumbukumbu ya mzee wa kijiji. Taarifa ya benki haikunijia akilini kwamba nayo ni chanzo, kimeandikwa na mtu mwenye masilahi. Deni hilo kwa Baba ndilo lililonifanya, miaka baadaye, nianze kufuatilia mashine hii ilikotoka.

Ilitoka Enfield, kaskazini mwa London. Tarehe 27 Juni 1967 tawi la Barclays la huko lilizindua mashine ya kutolea fedha, na mwigizaji wa televisheni Reg Varney akaalikwa awe wa kwanza kuitumia mbele ya wapiga picha. Kadi haikuwepo. Mteja alitumbukiza hundi ya karatasi iliyotiwa kaboni-14, yenye mnururisho hafifu, mashine ikaitambua, akabonyeza namba yake, akapewa pauni 10. John Shepherd-Barron, aliyeibuni, aliwatoa watu hofu kwa hesabu: ungelazimika kula hundi 136,000 ndipo zikudhuru. Yeye alitaka namba ya siri iwe na tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini. Mkewe, Caroline, wakiwa jikoni, akamwambia kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Hadithi hiyo ni tamu mno kuachwa, ingawa Mskoti James Goodfellow alikuwa ameshaombea hataza mfumo wa namba ya siri mwaka 1966, na ubishi wa nani hasa alianza haujaisha.

Ukanda mweusi wa nyuma ya kadi nao umetokana na kazi za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhandisi wa IBM, Forrest Parry, alikuwa anahangaika kubandika utepe wa sumaku kwenye plastiki. Kila gundi aliyojaribu iliharibu utepe. Alirudi nyumbani akamkuta mkewe anapiga pasi, akamweleza shida yake, na mke akamwambia jaribu pasi. Joto likaushika utepe. Waliozaliwa kabla ya CD watanielewa nikisema ukanda ule ni ndugu wa kaseti: kama ulivyoweza kuhamisha taarabu kutoka kaseti moja kwenda nyingine kwa redio ya milango miwili, ndivyo kadi inavyoweza kuhamishwa. Namba ya akaunti na tarehe ya kadi kuisha muda zimelala pale wazi, leo ni zilezile za jana. Anayeweza kuzisoma anaweza kuzinakili, na mashine haitofautishi kadi halisi na nakala. Kinachobaki kumlinda mwenye kadi ni zile tarakimu nne za Caroline.

Wezi walilielewa hilo mapema kuliko mabenki yalivyokuwa tayari kukiri. Katika miaka ya 1980, risiti za ATM nyingi zilichapishwa na namba kamili ya akaunti. Mwizi alisimama nyuma ya mteja kwenye foleni, akachungulia vidole, akasubiri mteja aitupe risiti, akaiokota. Kisha aliandika namba ile kwenye kadi tupu yenye ukanda wa sumaku. Ndiyo maana risiti yako leo ina nyota nyota katikati ya namba.

Mwaka 1993 watu wawili walikwenda mbali zaidi. Katika jengo la maduka la Buckland Hills, mji wa Manchester, jimbo la Connecticut nchini Marekani, walisimika ATM yao wenyewe. Hawakuvunja wala kutoboa kitu. Walijifanya kampuni halali, wakapewa nafasi, wakaichomeka kwenye umeme. Wateja waliingiza kadi, wakabonyeza namba, na wengi wakajibiwa kwamba muamala haukuwezekana. Waliondoka wakinung'unika kama tunavyonung'unika sisi mtandao ukisumbua, hawajui kwamba kila walichokuwa nacho kimeshabaki ndani. Wiki kama mbili baadaye mashine ikaondolewa, zikatengenezwa kadi bandia, na takriban dola 100,000 zikatolewa. Walikamatwa. Kilichonisimamisha katika kisa hiki ni watu wale waliokuwa na kadi zao mfukoni na namba zao kichwani, hawajampa mtu. Kwa hesabu ya yule binti wa kaunta, wote walikuwa wamejiibia.

Hesabu hiyo haikuzaliwa Morogoro. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabenki yalipopelekewa malalamiko ya fedha kutoka bila mwenyewe kujua, magazeti yakiyaita miamala ya mizimu, jibu lilikuwa moja: mfumo wetu haukosei, kwa hiyo ni wewe, au mwanao, au unatudanganya. Askari polisi mmoja wa kijiji karibu na Cambridge alirudi kutoka likizo ya Ugiriki mwaka 1992 akakuta pauni 460 hazipo. Akalalamika. Taasisi iliyotunza akiba yake ikasema mfumo wake uko salama, basi malalamiko ni ya uongo, na mwaka 1994 akatiwa hatiani kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Yaani aliibiwa, akaenda kusema ameibiwa, akageuka mshtakiwa.

Aliyemsaidia ni Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1993 Anderson alikuwa amechapisha makala iliyofanya jambo ambalo mwanahistoria yeyote angeliheshimu: alikusanya kesi, moja moja, za jinsi wizi ulivyotokea kweli. Hakukuta wataalamu wa hesabu waliovunja fumbo gumu la namba za siri. Alikuta uzembe na wafanyakazi wa ndani. Benki moja kubwa iliandika namba ya siri, ikiwa imefumbwa, juu ya ukanda wa kadi, bila kuifunga kwa namba ya akaunti. Ungeweza kubadilisha namba ya akaunti kwenye kadi yako iwe ya jirani, ukaendelea kutumia namba yako ya siri, ukala fedha za jirani. Kwingine mtengeneza programu alipanga wateja wote wagawiwe namba tatu tu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka sauti yangu kwenye simu mwaka 2013.

Rufaa ya yule askari ilipofika, upande wake uliomba wataalamu wake waukague mfumo, kama wa upande wa pili walivyoukagua. Wenye mfumo wakakataa. Jaji akasema, kwa maana, kwamba usichokubali kikaguliwe usikilete kuwa ushahidi. Mwaka 1996 akaachiwa huru.

Marekani walikuwa wameshapita njia nyingine. Mwaka 1980 mama mmoja wa New York aliishtaki Citibank kwa dola 800 zilizotolewa saa ambazo yeye alikuwa kazini, na barua ya mwajiri alikuwa nayo. Benki ilikuwa na chapisho la kompyuta. Jaji alikataa kukubali kwamba shahidi mwaminifu akibishana na mashine, mashine ndiyo ishinde. Sheria ya mwaka 1978 nayo ilikuwa imeweka mzigo wa kuthibitisha kwa benki, na mteja anayewahi kutoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue kadi yake imepotea au imeibiwa hapotezi zaidi ya dola 50. Anderson aliona kinyume ambacho sijaacha kukifikiria: mabenki ya Uingereza, yaliyoweza kumtupia mteja hasara, yalizembea, na yale ya Marekani, yaliyolazimika kulipa, yakawa na sababu ya kuzuia. Mlango unafungwa vizuri na yule atakayelipia kilichoibiwa.

Siku hizi kadi zina chipu, ambayo hutunga msimbo mpya kwa kila muamala, hivyo wa jana haumfai mwizi leo. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa tena na ukanda wa sumaku. Mpaka hapo ukanda upo nyuma ya kadi nyingi. Na kwetu wizi mwingine hauhitaji hata kunakili. Kuna kipande cha plastiki kinachotegwa kwenye tundu, kadi inakwama, anatokea kijana msafi mwenye heshima: "Mama, hata mimi juzi ilinifanyia hivi, bonyeza namba yako tena." Mama anabonyeza, haitoki, anaondoka kutafuta msaada, kijana anaivuta. Kuna pia wakopeshaji wa mitaani wanaoshikilia kadi za walimu na wastaafu, namba ya siri ikiwemo, kuwa dhamana. Takukuru imewahi kurudisha kadi za namna hiyo kwa wenyewe. Huo unatisha zaidi, kwa sababu unafanywa mchana, kwa makubaliano, na kila mwisho wa mwezi mwenye mshahara anasimama pembeni akimwangalia mwingine akibonyeza.

Mimi nina mazoea yangu, na marafiki hunicheka. Nautikisa mdomo wa mashine kabla ya kuingiza kadi, maana kilichobandikwa juu hulegea. Naangalia juu ya vitufe kama kuna kitundu cha kamera. Nafunika kwa mkono hata nikiwa peke yangu, kwa kuwa kamera haihitaji foleni. Kadi ikimezwa sibonyezi tena namba kwa ushauri wa mtu. Nasimama palepale na kupiga simu ya benki ili ifungwe. Nimejisajili kupata meseji kila fedha zinapotoka. Nikiona nisichokijua naandika barua, kwa tarehe na saa, naomba mhuri kwenye nakala yangu, na naomba kumbukumbu za mashine na picha za kamera zihifadhiwe, kwa sababu hazikai milele. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa njia: benki yako kwanza, kisha Benki Kuu. Baba hakuandika barua. Alizungumza tu, na maneno yake hayakuingia kwenye jalada lolote.

Siwezi kuapa kwamba kadi yake ilinakiliwa. Haikujulikana kamwe, na fedha hazikurudi. Mdogo wangu hajawahi kuulizwa tena wala kuombwa msamaha, na hilo nalo limekaa pale mezani kila Idi.

Mwaka 2022 nilikwenda nyumbani nikamsimulia Baba, barazani, kisa cha yule askari. Alisikiliza akichokonoa meno. Akauliza ilimchukua miaka mingapi. Nikamwambia minne. Akahesabu kwa vidole. "Mimi huu ni wa tisa," akasema, akaomba maji.

Nikamwambia nilikosea siku ile kwenye simu. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayepokea daftari lililochelewa.

Kesho yake nilimsindikiza mjini kuchukua pensheni. Mlinzi alituamkia. Baba aliutikisa mdomo wa mashine, nilivyomwelekeza usiku, akaingiza kadi, kisha akavua baraghashia akaiinamisha juu ya vitufe mpaka mkono wake haukuonekana. Halafu akasita, akageuka kunitazama. "Geukia barabarani," akasema.

Nikageuka. Bodaboda zilikuwa zinapita. Nyuma yangu nilisikia vitufe vinne, kisha mashine ikaanza kuhesabu.