Kiingereza mbele ya Mtihani wa Serikali: historia ya kupima lugha Butembo na Beni

Tangu 1967, kijana anayemaliza shule ya sekondari Butembo, Beni au kwingineko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hapewi diploma kwa uamuzi wa walimu waliomfundisha peke yao, bali sharti ashinde Examen d'État, yaani Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi huuita kwa kifupi Exetat. Ndani ya mtihani huo mna sehemu ya lugha, na katika sehemu hiyo Kiingereza hukaa kando ya Kifaransa: mtahiniwa hupewa kifungu cha habari na maswali ya ufahamu, sarufi na msamiati, kisha kwa kila swali huchagua jibu moja kati ya matano yaliyoandikwa tayari. Hatakiwi kuandika sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza, wala hatakiwi kutafsiri chochote kwenda au kutoka katika lugha anayoizungumza nyumbani. Pengo hilo la tafsiri lina historia ndefu, na madhara yake yameonekana waziwazi katika miji hii miwili kuliko mahali pengi nchini.

Historia yenyewe huanza na wamisionari. Mapadre wa Moyo Mtakatifu walifungua misheni ya Beni mwaka 1906, na mwaka 1929 Waasumpsionisti wakaingia katika eneo la Beni na Lubero, ambako kiongozi wao, Henri Piérard, alikuja kuwa askofu wa kwanza. Shule zao zilifuata desturi ya Ulaya ya wakati ule, ambayo wataalamu huiita mbinu ya sarufi na tafsiri: mwanafunzi alikariri kanuni, akapewa sentensi, akazihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine, na makosa yake yakahesabiwa. Katika seminari, Kilatini kilipimwa kwa njia hiyo hiyo, kwa mazoezi ya aina mbili, moja la kutoka Kilatini kwenda Kifaransa na jingine la kurudi, na padre wa Kinande, mwenyeji wa eneo hilo, aliyepita huko alitoka akiwa mtafsiri kwa malezi, hata kama hakuna aliyempa jina hilo.

Kiingereza nacho kilikuwapo, ila nje ya vyumba vya mitihani. Wabaptisti kutoka Marekani walianzisha vituo katika nyanda za Lubero tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye Katwa, kando ya Butembo, ikawa na shule na hospitali yao. Kaskazini ya Beni, daktari Mmarekani Carl Becker aliijenga hospitali ya Oicha hadi ikajulikana mbali sana, kabla ya uasi wa 1964 kumlazimisha kuondoka. Watu hao walizungumza Kiingereza wao kwa wao, wakahubiri na kutibu kwa Kiswahili, na walipokutana na serikali ya Kibelgiji walitakiwa kujieleza kwa Kifaransa. Mkalimani aliyesimama kati ya daktari na mgonjwa alikuwa na ujuzi ambao hapakuwa na cheti cha kuuthibitisha.

Mpaka ulizidi kulitatiza jambo hili. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya madola ya Ulaya yalithibitisha mstari unaowatenga Wanande wa Congo na Wakonzo wa Uganda, watu wenye lugha moja, isipokuwa tofauti ndogondogo za matamshi na maneno. Upande wa Uganda, mtoto wa Mkonzo alifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, kisha ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1967, na tangu 1983 ya baraza la taifa la Uganda. Mitihani hiyo yote iliandikwa kwa Kiingereza. Ndugu yake wa upande wa Beni alifanya mitihani yake kwa Kifaransa. Hivyo mwaka ule ule wa 1967 ambapo Kinshasa ilianzisha Mtihani wa Serikali, majirani nao walikuwa wanaunda baraza lao, na watoto wa ukoo mmoja, walioachana kwa mto Lubiriha tu kati ya Kasindi na Mpondwe, wakawekwa chini ya vipimo viwili visivyotambuana.

Lengo la Kinshasa lilikuwa la haki. Shule zilikuwa zimetofautiana mno kwa ubora, na serikali iliyokuwa inatafuta watumishi ilitaka diploma ya Butembo iwe na uzito sawa na ya Lubumbashi. Ili jambo hilo liwezekane katika nchi kubwa yenye barabara mbovu, yalihitajika maswali yanayosahihishwa upesi bila kumtegemea msahihishaji mmoja mmoja, na maswali ya kuchagua ndiyo yaliyofaa. Aina hiyo ya maswali haikubuniwa kwa ajili ya lugha za kigeni. Mmarekani Frederick J. Kelly aliitumia mwaka 1915 kupima usomaji wa kimyakimya wa watoto wa Kansas, na jeshi na vyuo vya Marekani vikaieneza. Ilipofika kwenye Kiingereza cha wageni, mwanaisimu Robert Lado, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu kupima lugha, aliipa msingi wa nadharia: mtungaji ajue lugha ya mtahiniwa, atafute mahali inapoachana na Kiingereza, kisha auweke mtego wake hapo hapo. Mtihani wa Congo uliichukua sura ya mbinu hiyo bila kuuchukua msingi huo, kwa sababu swali moja linalotungwa Kinshasa humfikia mzungumzaji wa Kilingala, wa Tshiluba, wa Kikongo na wa Kiswahili kwa maneno yale yale, na lugha pekee ambayo mtungaji anaweza kudhani kwamba wote wanaijua ni Kifaransa.

Uturuki ni mfano wa nchi iliyofuata njia nyingine, na inafaa kuutazama kwa makini. Huko kituo cha serikali cha mitihani, ÖSYM, huendesha mtihani wa lugha za kigeni unaoitwa YDS, ulioanza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya KPDS wa mwaka 1990, na mtu anayetaka kupanda cheo chuoni au kupata posho ya lugha katika utumishi wa umma huhitaji alama zake. Mtihani huo una maswali 80 ya majibu matano matano, kwa hiyo mwanafunzi wa Butembo angelitambua umbo lake mara moja: msamiati, sarufi, kifungu chenye mapengo, ufahamu. Tofauti ni kwamba baadhi ya maswali hayo huweka sentensi ya Kiingereza juu na tafsiri tano za Kituruki chini yake, mengine huweka sentensi ya Kituruki juu na Kiingereza chini, na mtahiniwa hutakiwa kuitambua tafsiri iliyo aminifu kati ya nyingine zinazokaribiana nayo. Majibu ya uongo hutungwa na mtu anayejua Mturuki hukosea wapi.

Mlinganisho huu una nguvu zaidi kwa sababu Kituruki na Kiswahili, ingawa si ndugu, vinafanana katika mambo yanayowasumbua wanafunzi wa Kiingereza. Lugha zote mbili hulundika viambishi kwenye kitenzi, kimoja kikivitia zaidi nyuma ya mzizi na kingine zaidi mbele, hata kitenzi kimoja kikabeba kazi ambayo Kiingereza huigawa kwa maneno manne au matano. Zote mbili hazitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja. Tena hazina neno lililo sawasawa na "the" la Kiingereza, na anayezizungumza hujifunza kwa taabu lini aliweke na lini aliache. Mtahini wa Ankara huyajua haya na huyapima. Mtahini wa Kinshasa hutunga kwa kuzingatia zaidi mitego ya Kifaransa, kama vile maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana, ambayo ni mitego ya kweli lakini humpima kijana wa Beni katika lugha yake ya nne kwa kupitia lugha yake ya tatu.

Cambridge yenyewe ilianza na tafsiri. Mtihani wake wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni, uliofanyika mwaka 1913, ulichukua takriban saa 12 na ulikuwa na watahiniwa 3, wote wakashindwa. Ndani yake mlikuwa na insha, sarufi, fonetiki, na kutafsiri kwenda na kutoka Kifaransa au Kijerumani. Kufikia miaka ya 1970 tafsiri ilikuwa imeondoka katika sehemu za lazima, kwa kuwa mtihani uliokuwa unauzwa duniani kote haukuweza kuwa na karatasi kwa kila lugha. Sababu hiyo inaeleweka kwa taasisi ya kimataifa. Kwa serikali ya nchi yenye lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya 2006, moja yake ikiwa Kiswahili, sababu hiyo haitoshi.

Wakati mtihani ulipokuwa ukibaki ulivyo, miji yenyewe ilikuwa inabadilika. Wafanyabiashara wa Butembo, waliojijengea mitaji kwa kahawa, mazao na dhahabu, walipanua safari zao kutoka Kampala na Mombasa hadi Dubai na baadaye Guangzhou, mahali ambapo ankara, hati za shehena na mapatano ya bei huandikwa kwa Kiingereza. Wengi walikwenda na Kiswahili chao, wakajifunza Kiingereza cha hesabu na bidhaa sokoni, na wakawalipa vijana wa kuwasomea karatasi. Hicho ni kipimo cha tafsiri kilicho kikali kuliko chochote, maana kosa moja la kuelewa sharti la malipo humaliza kontena zima. Wazazi wenye uwezo walianza kuwapeleka watoto wao Kasese na Kampala wakasome kwa Kiingereza.

Elimu ya juu iliitikia polepole. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, kilifundisha kwa Kifaransa kama vyuo vingine vya nchi, na vyuo vya ualimu, vikiwemo vya Butembo, vilikuwa na idara inayounganisha Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika, ambayo ndiyo iliyowalea walimu wengi wa Kiingereza wa shule za sekondari. Hatua kubwa zaidi ilikuja Beni mwaka 2007, kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Congo, kwa uongozi wa David Kasali, mwanatheolojia aliyekuwa ameongoza chuo cha theolojia Nairobi. Jina la chuo hicho lilitangaza jambo ambalo sera ya taifa haikuwa imelitamka: kwamba mhitimu wa mashariki ya Congo anapaswa kuweza kufanya kazi kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Jambo hilo lilistahili pongezi zaidi kuliko zilizotolewa, hasa kwa kuwa tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yameifanya kazi ya shule yoyote kuwa ngumu mno.

Mtihani halisi wa lugha, hata hivyo, uliletwa na ugonjwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ambao kitovu chake cha kwanza kilikuwa Mangina karibu na Beni, uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, ukawapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Wataalamu walifika wakiwa na miongozo ya Kiingereza na Kifaransa. Wagonjwa walizungumza Kinande na Kiswahili cha Congo. Katikati yao walisimama wauguzi, wahamasishaji na madereva waliofasiri maneno kama chanjo ya majaribio na ridhaa ya mgonjwa bila kufundishwa kazi hiyo na bila kupimwa na mtu yeyote. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza mawasiliano ya wakati huo, lilionyesha kwamba watu walihitaji maelezo kamili kwa lugha wanazozielewa, wakati ujumbe mwingi uliwafikia kwa Kifaransa au kwa Kiswahili kisicho cha kwao. Pale ambapo maelezo yalipotoka, shaka iliingia, na shaka ilikuwa na gharama katika miji ambamo vituo vya matibabu vilishambuliwa.

Katika mlipuko huo huo ulifanyika utafiti wa dawa uitwao PALM, uliowahusisha wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ukiongozwa kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya Kinshasa na ya Marekani. Ulithibitisha kwamba dawa mbili kati ya nne zilizolinganishwa zinapunguza vifo. Matokeo yake yalichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la tiba la Marekani, Desemba 2019. Muuguzi wa Katwa aliyeshinda Mtihani wa Serikali, pamoja na maswali yake ya sarufi ya Kiingereza, alihitaji kuisoma habari ya wagonjwa wake mwenyewe na kuwaeleza jamaa zao kwa Kiswahili, na hakuna hata siku moja ambapo shule ilimtaka aonyeshe kwamba anaweza.

Sheria ya msingi ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imekwisha kuziruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kufundishia na kufundishwa. Kilichobaki ni mtihani kuifuata sheria. Wakaguzi wanaotunga maswali ya Kiingereza wanaweza kuanza na machache tu, sentensi ya Kiingereza na tafsiri tano za Kiswahili kwa mikoa ya mashariki, na za Kilingala, Tshiluba na Kikongo kwa mikoa mingine, yakasahihishwa kwa utaratibu ule ule unaotumika sasa. Walimu wa kuyatunga wapo Butembo na Beni. Waitwe, wapewe kazi hiyo, na walipwe.